Kifaa Kipya, Mbinu Mpya, Mada Mpya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wapiga Picha wa Ridhaa

Majibu haya ni ya mpiga picha wa ridhaa: mtu ambaye halipwi, hana mteja anayemsubiri, na kwa sababu hiyohiyo ana uhuru wa kujaribu chochote anachotaka. Mengi yanarudi kwenye jambo moja. Kifaa kipya kijaribu kwenye kitu unachokijua vizuri, na kitu kipya kiendee na kifaa ulichokizoea. Ukibadilisha vyote kwa mpigo, picha ikiharibika hutajua pa kuanzia kurekebisha.

Nina simu tu, au kamera ya miaka mingi. Ninunue kwanza ndipo nijifunze?

Hapana. Mchagua jembe si mkulima. Simu yako, au hiyo kamera kongwe, inatosha kabisa kukufundisha mwanga unatoka upande gani, usimame wapi na ubonyeze lini. Hayo ndiyo yanayochukua muda mrefu kuyajua, na hakuna duka linaloyauza.

Wakati wa kununua unajulikana hivi. Jaribu kumalizia sentensi hii: "Nilitaka picha fulani nikaikosa, kwa sababu kifaa changu hakiwezi..." Kama unaimalizia kwa jambo mahususi, kwa mfano lenzi haikubali kumsogelea mdudu, au picha za watoto wakicheza ndani jioni zote zimetikisika kwa sababu lenzi haifunguki kuzidi f/5.6 (namba ya f hupima tundu la lenzi linalopitisha mwanga: namba ikiwa ndogo, tundu ni pana), basi unajua unachotafuta. Kama jibu lako ni kwamba kamera mpya "zinatoa picha nzuri zaidi", subiri kwanza.

Na ukinunua, mimi ningeanza na vitu visivyovutia macho: betri ya akiba, kadi ya pili, tripodi imara. Kisha lenzi moja yenye tundu pana, kama 50mm f/1.8 au 35mm f/1.8 (milimita hizo ni urefu wa fokasi: zikizidi, lenzi inavuta zaidi), halafu flashi ndogo. Kamera yenyewe ningeibadilisha mwisho.

Nimepata lenzi mpya. Niijaribu vipi?

Ijaribu siku ileile uliyoinunua, ukiwa bado unaweza kuirudisha. Weka kamera kwenye tripodi mbele ya kitu bapa chenye maandishi au mistari mingi, kama gazeti lililobandikwa ukutani au ukuta wa matofali. Hakikisha kamera imeelekea ukuta sawasawa, haijainama upande wowote. Tumia saa ya kuchelewesha ili kidole chako kisiitikise. Piga picha moja kwa kila tundu: pana kabisa, kisha f/2.8, f/4, f/5.6, f/8, f/11, f/16.

Sasa zifungue kwenye kompyuta na uzikuze. Katikati ya picha patakuwa safi mapema. Pembeni patakuwa na ukungu kwenye matundu mapana, kisha patasafika kadiri unavyobana tundu. Lenzi nyingi hufikia ubora wake kati ya f/5.6 na f/8. Ukifika f/16 utaona picha nzima imelegea kidogo. Lenzi haina kosa hapo, ni tabia ya mwanga wenyewe: ukipenya kwenye tundu dogo hutawanyika.

Linganisha pembe nne. Kama tatu ni safi na moja ina ukungu, huenda kioo kimojawapo ndani ya lenzi kimekaa upande. Rudia kwa makini, maana kamera iliyoinama kidogo huleta dalili hiyohiyo. Tatizo likibaki kwenye kona ileile, irudishe lenzi.

Baada ya hapo achana na ukuta. Toka nayo, ielekeze upande wa jua uone kama rangi zinafifia au madoa ya mwanga yanajitokeza. Pima ni umbali gani wa karibu kabisa inaoweza kufokasi. Tazama jinsi inavyochora vitu vilivyo nyuma ya mhusika, taa za mbali na majani. Hizo ndizo tabia utakazoishi nazo. Halafu iache kwenye kamera, uziweke nyingine kabatini, upige nayo kila kitu hadi uweze kukisia fremu kabla ya kuinua kamera usoni. Watu wengi huruka hatua hii ya mwisho, nami naona ndiyo yenye faida kuliko zote.

Kwa nini lenzi ya 50mm kwenye kamera yangu inaonekana kama inavuta zaidi?

Kwa sababu ya ukubwa wa kihisi, yaani kipande cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Kipimo kinachoitwa kamili ni milimita 36 kwa 24, na kinatokana na filamu: ndicho Oskar Barnack alichotumia kwenye kamera ya Leica iliyoingia sokoni mwaka 1925. Kamera nyingi za wapiga picha wa ridhaa zina kihisi kidogo zaidi, kwa hiyo hukata sehemu ya katikati tu ya picha. Zidisha urefu wa fokasi kwa 1.5 (Canon ni 1.6, na kamera za mfumo wa Micro Four Thirds, wenye kihisi kidogo zaidi, ni 2). 50mm inakuwa na mwonekano wa 75mm, ambao ni mzuri kwa nyuso lakini hubana ukiwa chumbani. Ukitaka mwonekano wa kawaida, tafuta 35mm.

Lenzi kuukuu za kuzungusha kwa mkono zinafaa kwenye kamera za kisasa?

Zinafaa sana, na zinafundisha. Hapa napendekeza bila kusita, hasa kwa mwenye kamera isiyo na kioo cha ndani (kile kinachorusha picha hadi kwenye dirisha la macho).

Kila mfumo una umbali wake maalumu kati ya sehemu lenzi inapokaa na kihisi. Lenzi za skrubu za M42, zilizotengenezwa kwa wingi sana karne iliyopita, zinahitaji milimita 45.46. Kamera za Sony za mfumo wa E zina milimita 18 tu. Tofauti hiyo ya milimita 27 na ushei ndiyo inayojazwa na adapta, ambayo ni ringi ya chuma isiyo na kioo chochote ndani yake. Kamera za kioo za Nikon zina milimita 46.5, kupita kile M42 inachohitaji, ndiyo maana ringi ya kawaida itakunyima fokasi ya mbali. Kamera za kioo za Canon, zenye milimita 44, zinakubali.

Ukishaifunga, ingia kwenye menyu uruhusu kamera ipige "bila lenzi", la sivyo itagoma, maana haioni umeme wowote upande wa mbele. Kama kamera ina kitulizaji cha mtikisiko ndani yake, iandikie urefu wa fokasi wa lenzi hiyo. Washa alama za rangi zinazoonyesha mahali palipo safi, na ukuze picha kwenye kioo cha nyuma ya kamera unapofokasi.

Helios 44-2 ya 58mm f/2, iliyotengenezwa Umoja wa Kisovieti, inapendwa kwa namna inavyoyazungusha majani yaliyo nyuma ya mhusika. Na ukikuta Super-Takumar 50mm f/1.4 yenye kioo cha njano, usishangae: baadhi zina thoriamu kwenye kioo, na mionzi yake hukigeuza rangi kadiri miaka inavyopita. Kuianika kwenye mwanga wenye urujuanimno kwa siku au wiki kadhaa hupunguza sana umanjano huo.

Nikinunua kitu kilichotumika, nikague nini?

Lenzi: ishike mbele ya tochi uangalie ndani. Vumbi kidogo halina neno. Nyuzinyuzi kama utando wa buibui ni fangasi, iache. Ukungu mweupe unaofunika kioo kizima nao uuogope. Zungusha ringi zote, kisha angalia kama visu vya tundu vinafunga haraka au vimenata kwa mafuta.

Kamera: bana tundu hadi f/16, piga karatasi nyeupe bila kufokasi, ukuze picha. Madoa meusi ni vumbi juu ya kihisi, nalo husafishwa. Mkwaruzo hausafishwi. Uliza imeshapiga picha ngapi. Shata, yaani pazia linalofunguka na kufunga kila unapopiga, nyingi zimeundwa kuhimili kati ya 100,000 na 200,000. Jaribu kila kitufe, hata usichokusudia kukitumia.

Ukishafika nacho nyumbani, kihifadhi pakavu. Fangasi hupenda unyevu na giza, kwa hiyo boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana na pakiti za silika ndani yake linatosha. Unyevu wa asilimia 40 hadi 50 ni salama.

Mbona picha za simu yangu zinapendeza kuliko za kamera niliyoinunua kwa hela nyingi?

Swali la haki kabisa, na wengi huliuliza kwa unyonge. Simu haikupigii picha moja. Hupiga kadhaa kwa mfululizo, ikaziunganisha, ikainua vivuli, ikatuliza anga na kuongeza rangi kabla hujaiona. Kamera inakukabidhi kitu kibichi zaidi na kukuachia uamuzi.

Utaona tofauti ukianza kufanya yale ambayo simu hulazimika kuyaigiza: mhusika aliyetenganishwa na mandhari kwa lenzi yenye tundu pana, ndege aliye mbali, flashi iliyo nje ya kamera, au chapa kubwa ya kutundika ukutani. Na jifunze kusafisha picha kwenye kompyuta, hata kwa dakika chache tu. Kulinganisha picha ambayo simu imeshaihariri na faili ambalo hakuna aliyeligusa si haki kwa kamera.

Ni lazima nitumie modi ya M?

Si lazima. M ni modi ambayo tundu na kasi ya shata unavichagua vyote wewe mwenyewe. Mwachie mashine hesabu, wewe shika uamuzi. Modi ya kuchagua tundu inafaa kwa mambo mengi: wewe unaamua kina cha sehemu iliyo safi, kamera inatafuta kasi ya shata. Mbele ya kitu kinachokimbia chagua kasi badala yake. Modi ya M inakuwa na maana pale mwanga usipobadilika, kwa mfano studio, mwezi, fataki au picha za panorama, na pale unapotumia flashi.

Jambo la kukariri ni kwamba namba za tundu (1.4, 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16) zimepangwa ili kila hatua ipunguze mwanga kwa nusu. Ukihama kutoka f/4 hadi f/8 umepoteza hatua mbili, yaani umebaki na robo, na lazima uurudishe mwanga huo mahali pengine: shata iwe polepole mara nne, au ISO (namba ya jinsi kamera inavyoitikia mwanga) ipande mara nne. Ukilielewa hili, umeelewa modi zote.

Nataka kupiga wadudu na maua kwa karibu sana, lakini lenzi ya makro ni ghali. Kuna njia?

Zipo, na hapa ndipo ningempeleka mtu yeyote aliyechoka na picha zake. Mada haiishi. Ua moja, tone moja la umande, mguu wa panzi, vinakupa asubuhi nzima ya kazi.

Njia nafuu ni vipande vya bomba tupu vinavyokaa kati ya kamera na lenzi. Hesabu yake ni rahisi: gawanya urefu wa bomba kwa urefu wa fokasi wa lenzi. Bomba la 25mm kwenye lenzi ya 50mm linakuongezea ukuzaji wa nusu, yaani mdudu wa milimita 10 anachora milimita 5 na zaidi kidogo juu ya kihisi. Bomba la 50mm linakufikisha moja kwa moja, ukubwa halisi. Chagua bomba lenye vishikizo vya umeme kama lenzi yako haina ringi ya tundu. Njia nyingine ni kuigeuza lenzi, mbele ikae nyuma, kwa ringi maalumu. Lenzi kuukuu ndiyo nzuri kwa kazi hii.

Ugumu unaanzia kwenye kina. Kwenye ukubwa halisi, ukiwa na f/8, sehemu iliyo safi ni nene kama milimita moja tu. Chukua nyuki aliyetua juu ya ua. Ukifokasi kwenye jicho lake, pembe zake zinafifia, na bawa limeyeyuka kabisa. Kwa hiyo usizungushe ringi kutafuta fokasi. Iweke fokasi umbali mmoja, shika kamera kwa mikono miwili, kisha sogea mbele na nyuma taratibu kwa mwili mzima, kidogo kidogo, huku ukipiga mfululizo jicho linapopita kwenye usafi. Zuia pumzi unapobonyeza. Nyingi zitakuwa za kufuta, na hiyo ni kawaida ya kazi hii. Upande nao una maana: ukijiweka ubavuni, mwili wa mdudu ukawa sambamba na kihisi, milimita ile moja inakuchukulia mengi zaidi kuliko ukimpiga uso kwa uso.

Nenda alfajiri. Wadudu wengi bado wamepoa na hawaruki haraka. Usiwatie friji ili watulie, kama wengine wanavyoshauri. Unamtesa kiumbe, na picha yenyewe inaonyesha: mdudu aliyeganda hakai kama mdudu aliye hai.

Flashi yangu inawafanya watu waonekane wameloa jasho, nyuma yao pako kama shimo jeusi. Nakosea wapi?

Flashi imetazama uso moja kwa moja, kutoka sehemu ndogo, karibu na lenzi. Mwanga mdogo wa namna hiyo huwa mkali na hufuta vivuli vyote vinavyoupa uso umbo.

Igeuze kichwa itazame dari au ukuta mweupe. Dari sasa ndiyo taa yako, kubwa na laini. Kama ukuta ni wa kijani, uso utapata ukijani, kwa hiyo chagua ukuta wako vizuri.

Giza la nyuma linatokana na kanuni moja: umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unabaki robo. Mtu aliye mita moja kutoka kwenye flashi anapata mwanga mara 4 ya ukuta ulio mita mbili, na mara 16 ya ule ulio mita nne. Flashi haiwezi kuwaridhisha wote. Mwachie mwanga wa chumba ufanye kazi ya nyuma: punguza kasi ya shata hadi 1/60 au 1/30 ya sekunde na upandishe ISO. Shata inatawala mwanga wa chumba. Flashi inatawala uso. Angalia tu usivuke kikomo cha kasi cha flashi, ambacho kwa kamera nyingi ni 1/200 au 1/250, maana ukikivuka utapata ukanda mweusi kwenye picha.

Ukishazoea hapo, itoe flashi juu ya kamera. Vipitisha-redio vya bei ya chini vinatosha. Iweke pembeni ya mhusika, juu kidogo ya macho, mbele yake ukitundika shuka jeupe. Utaona uso umepata upande wa mwanga na upande wa kivuli, na pua imepata umbo lake.

Flashi pia inagandisha. Ikiwekwa kwenye nguvu ndogo, mmweko wake huisha ndani ya 1/10000 ya sekunde au chini ya hapo, kasi inayokamata tone la maji likidunda. Harold Edgerton wa chuo cha MIT, Marekani, alitumia mmweko wa umeme kuonyesha taji linaloundwa na tone la maziwa. Picha yake ya rangi ya mwaka 1957 inajulikana duniani kote. Wewe unaweza kuanza na bakuli, mfuko wa maji uliotobolewa kwa sindano, chumba chenye giza na kitambaa cha kukaushia sakafu.

Mwezi wangu unatoka kama taa nyeupe tu. Na nyota je?

Kamera imedanganyika na anga jeusi, ikaongeza mwanga. Kumbuka mwezi ni jiwe linalopigwa na jua, kwa hiyo unapigwa kama kitu cha mchana. Anza na f/11, ISO 100, shata 1/125, kisha rekebisha. Ukubwa wake nao unahesabika: gawanya urefu wa fokasi kwa 110. Lenzi ya 200mm itauchora kwa milimita 1.8 hivi, juu ya kihisi chenye kimo cha milimita 24. Ndiyo maana unaonekana kama punje. Milimita 400 ndipo unapoanza kuridhika. Na mwezi mpevu, ingawa unavutia, unamulikwa kutoka mbele, hauna vivuli. Ule wa nusu unaonyesha mashimo yake vizuri kwenye mpaka wa giza na nuru.

Nyota zinataka kinyume chake: tundu pana kabisa, ISO 1600 hadi 6400, lenzi pana, tripodi. Dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo ukikawia nyota zinageuka vistari. Kanuni ya zamani ni kugawanya 500 kwa urefu wa fokasi: lenzi ya 24mm inakupa sekunde 20. Kwa kamera za leo zenye pikseli nyingi, mimi ningetumia 300 badala ya 500. Fokasi kwa mkono kwenye nyota angavu, ukiikuza kwenye kioo hadi iwe nukta ndogo kabisa.

Jua ni jambo jingine. Usilitazame kamwe kupitia dirisha la macho la kamera, wala usielekeze lenzi ndefu kwake bila filta maalumu ya jua mbele ya lenzi. Hata wakati wa kupatwa. Jicho likiungua halirudi.

Filta zina maana bado, wakati kila kitu kinahaririwa?

Mbili zina maana, kwa sababu kazi yake haiigiziki vizuri baadaye. Ya kwanza ni filta ya kuzungusha inayokata mng'ao wa maji, vioo na majani. Kwenye anga hufanya kazi zaidi ukilipa jua ubavu, na kwa lenzi pana sana italeta doa la bluu nzito upande mmoja. Mng'ao wa chuma kitupu haiuwezi.

Ya pili ni filta nyeusi ya kupunguza mwanga. Ile ya hatua 10 inagawanya mwanga kwa elfu moja hivi, kwa hiyo shata ya 1/60 inageuka sekunde 16 au 17, na maji ya mto yanakuwa kama hariri. Binafsi naona maporomoko yanapendeza zaidi kwa robo sekunde hadi sekunde moja, maji yakiwa bado na nyuzi zake.

Ile ya "kulinda lenzi" ni hiari yako. Kofia ya lenzi inalinda vizuri na haichafui mwanga.

Ndege wananishinda. Nianzie na kasi gani?

Aliyetua: 1/500 au zaidi. Anayeruka: 1/2000, na ISO ipande inavyotaka, maana chenga kidogo (vidoadoa vinavyoletwa na ISO ya juu) zinavumilika kuliko picha iliyotikisika. Washa fokasi endelevu. Kisha uwekezaji mkubwa zaidi ni kumjua ndege: wengi hujikunyata na kutoa choo kabla ya kuruka, na huruka wakielekea upepo. Ukilijua hilo unakuwa tayari. Kiotani usiende, ndege aliyefukuzwa huacha mayai kwenye baridi na maadui.

Naona aibu kupiga watu.

Anza na mtu mmoja na dirisha moja. Mkalishe kwa ubavu hatua moja kutoka dirishani, zima taa zote za ndani, kisha mwombe ageuze uso taratibu kuelekea kwenye mwanga hadi uone pembetatu ndogo ya nuru kwenye shavu la upande wenye kivuli. Hapo simama. Fokasi kwenye jicho lililo karibu nawe. Ongea naye; ukimya wa mpiga picha ndio unaomkaza mtu uso.

Kwa watu usiowajua, omba. Njia za kupiga kwa kuvizia na lenzi ndefu zipo, lakini picha zake mara nyingi zina umbali ndani yake, na mtu ana haki ya kukataa uso wake usichukuliwe. Akikataa, shukuru uondoke. Akikubali, mwonyeshe picha, na mtumie kama umemwahidi. Watoto usiwapige bila idhini ya mzazi, na sheria za mahali ulipo zijue kabla hujatoka.

Filamu inafaa kujaribu leo?

Inafaa, ukiwa na subira. Chukua roli ya nyeusi na nyeupe ya ISO 400, yenye picha 36, maana inasamehe makosa na unaweza kuisafisha nyumbani kwa dawa ya nyuzi joto 20. Filamu ya negativu hustahimili mwanga ukizidi kuliko ukipungua, kinyume cha dijitali, ambako sehemu iliyozidiwa na mwanga hadi ikawa nyeupe tupu hairudi. Andika kwenye daftari tundu na kasi ya kila picha. Bila daftari hutajifunza chochote roli itakapotoka.

Faili ghafi au JPEG?

Ghafi, yaani data ya kihisi ambayo kamera haijaihariri, kama una nafasi kwenye kadi. JPEG ina ngazi 256 kwa kila rangi. Faili ghafi la biti 14 lina 16,384. Ukivuta vivuli utaiona tofauti.

Picha zangu zote zimeanza kufanana. Nifanye nini?

Jipe sharti. Piga kivuli tu. Piga mikono ya watu wanaofanya kazi. Rudi kwenye mti mmoja asubuhi, mchana, jioni na siku ya mvua. Kaa na lenzi moja na tundu moja. Sharti linakuondolea uamuzi mwingi, na macho yanalazimika kutafuta.

Chapisha pia. Chagua chache, zichapishe ukubwa wa kadi, zitandaze mezani uzitazame kwa siku kadhaa. Utayaona uliyoyarudia bila kujua: mhusika daima katikati, kimo daima cha mtu aliyesimama, mwanga daima mgongoni kwako. Tafuta mtu mmoja ambaye hasemi "nzuri sana" kwa kila kitu, umuulize aondoe tatu dhaifu na aseme kwa nini. Kisha yale aliyoyataja yafanye kuwa sharti lako linalofuata: piga magoti, au hama katikati ya fremu, au geuka ulikabili jua.